Mkoba wa damu ya mzee unatoka mwekundu pichani: naomba msaada wa picha za duka la mtandaoni

Mshona Mikoba (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau.

Nashona mikoba ya ngozi na kuiuza kwenye duka langu la mtandaoni. Kazi ya mikono naimudu, ila picha zinanishinda, na sasa zimeanza kunitia hasara. Unaonisumbua zaidi ni mkoba wa rangi ya damu ya mzee. Kwa macho ni rangi nzito, iliyotulia, kivulini inakaribia hudhurungi. Pichani unatoka mwekundu wa kung'aa kama kitu cha kuchezea watoto. Mwezi huu wateja wawili wameurudisha, na wote wameandika neno lilelile: siyo rangi niliyoiona. Hawajakosea. Nikiweka simu kando ya mkoba naona vitu viwili tofauti.

Ninavyopiga: natumia simu, mchana, meza ikiwa karibu na dirisha, na taa ya dari naiwasha ili mwanga uongezeke. Nyuma natandika shuka jeupe. Nikimaliza naipitisha picha kwenye programu ya kung'arisha na kuongeza ukolezo wa rangi ili ivutie. Shuka nalo halitoki jeupe. Linakuwa la kijivu, upande mmoja lina umanjano na upande wa pili lina ubuluu.

Swali langu: ninunue kamera?

Jicho la Lenzi

Karibu, mkuu. Usinunue kamera. Tatizo lako umelitaja mwenyewe pale uliposema unawasha taa ya dari.

Mwanga wa mchana na mwanga wa balbu si wa rangi moja. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvin: ule wa mchana huwa karibu na 5500, balbu ya nyumbani yenye umanjano huwa karibu na 2700. Macho yetu huzoea na kusawazisha bila sisi kujua, ndiyo maana ukiwa chumbani shuka unaliona jeupe tu. Kamera haina uwezo huo kwa mianga miwili inayogongana. Ikifuata dirisha, upande wa taa unageuka manjano. Ikifuata taa, upande wa dirisha unageuka bluu. Hicho ndicho unachokiona kwenye shuka, na mkoba umekaa katikati ya ugomvi huo. Juu yake ukaongeza ukolezo wa rangi, kwa hiyo wekundu uliokuwa umejificha ndani ya damu ya mzee ukapanda juu na kufunika rangi nyingine zote.

Zima taa. Baki na dirisha peke yake. Kama jua linaingia moja kwa moja, tundika pazia jepesi jeupe. Kivuli kikali hutokana na chanzo cha mwanga kinachoonekana kidogo kutoka pale kitu kilipo. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali lilipo ni kama kitone. Pazia likishalipokea jua, pazia zima ndilo linakuwa taa yako, na kwa mkoba ulio karibu nalo hiyo ni taa pana kweli. Kwa hiyo sogeza meza karibu, dirisha liwe ubavuni mwa mkoba. Ubavu wa pili simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye sehemu yenye giza. Kadibodi hiyo ni kifaa cha maana kuliko kamera yoyote utakayoonyeshwa dukani.

Mshona Mikoba

Asante sana mkuu. Nimejaribu sasa hivi na manjano imekwisha kabisa. Ila shuka bado ni la kijivu, na mkoba nao umekuwa na giza. Nikiweka kitu cheusi badala yake, ndiyo kwanza picha inatoka nyeupe kupita kiasi. Sielewi.

Jicho la Lenzi

Hapo kamera inafanya hesabu yake ya kawaida. Haijui kama mbele yake kuna shuka jeupe au ukuta mweusi. Inachukulia kwamba wastani wa kila kinachoonekana ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga, kisha inapandisha au kushusha mwanga hadi wastani ufike hapo. Ukiipa weupe mwingi inaupunguza mpaka uwe kijivu. Ukiipa weusi mwingi inauongeza. Wewe ndiye wa kuisahihisha.

Kwenye simu, gusa mkoba kwenye kioo na ushikilie mpaka kamera ijifunge hapo, kisha telezesha kile kialama cha jua kwenda juu kidogo kidogo. Kwenye kamera ni kitufe cha + na −. Kwa mandharinyuma meupe anzia +1, wakati mwingine utafika karibu +1.7. Simama pale mishono ya ngozi ya rangi hafifu bado inaonekana. Ikishageuka weupe mtupu, hakuna programu itakayoirudisha, kwa sababu hakuna taarifa iliyohifadhiwa pale.

Halafu shuka liondoe. Lina mikunjo na nyuzi, utahangaika kuzifuta bure. Tafuta karatasi kubwa nyeupe, ishikize juu ukutani, iteremke na kujipinda taratibu mpaka mezani bila kukunjwa. Ule mstari wa mahali ukuta unapokutana na meza utapotea.

Pindo la Nguo

Samahani kuingilia, lakini mimi nina mawazo tofauti. Nauza nguo mtandaoni muda mrefu, na picha iliyong'arishwa ndiyo inayouza. Mteja anapitisha kidole haraka, ana picha mia mbele yake. Rangi ikiwa imepoa hasimami. Ukweli wa rangi ni mzuri lakini kwanza abonyeze aingie. Mshona Mikoba asiogope kuongeza rangi kidogo.

Mshona Mikoba

Dada, nakuelewa, nami ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. Lakini mmoja wa wale wawili aliniandikia kwamba alitaka mkoba uendane na viatu alivyo navyo tayari. Aliusubiri, ukafika, akauweka kando ya viatu, na haukuendana. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alidhani amekosea yeye kuchagua. Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Sitaki tena mtu ajilaumu kwa kosa nililolifanya mimi kwenye simu yangu.

Jicho la Lenzi

Na mimi nimsaidie Pindo la Nguo, maana hoja yake ina nusu ya kweli. Picha lazima isimamishe macho. Lakini kuna njia ya kuisimamisha bila kugusa rangi. Mwanga wa ubavuni ukipita juu ya ngozi unaonyesha vinyweleo na chembechembe zake, na hapo mtu anaiona ngozi kama anaishika. Mwanga wa mbele kabisa, hasa ule mweko wa simu, unaua yote hayo na kubakiza kitu bapa. Wengi wakishaiona picha bapa ndipo wanakimbilia kuongeza rangi, ili kufidia uhai waliouua wenyewe wakati wa kupiga.

Rangi yenyewe ipimwe. Nunua kadi ya kijivu ya wapiga picha, ile iliyotengenezwa isiwe na rangi yoyote. Picha ya kwanza ya kila kikao ipige mkoba ukiwa na kadi kando yake. Ukifika kwenye kuhariri, chukua alama ya dondoo ya weupe, ile ya kuionyesha programu mahali pasipo na rangi, bonyeza juu ya kadi, programu itasahihisha rangi yote. Kisha nakili marekebisho hayo kwenye picha zote za kikao kile. Mwanga ukibadilika, mfano wingu limepita, piga kadi tena. Programu ya kuhariri ya Lightroom inafanya hivi, na GIMP ambayo ni ya bure ina dondoo kama hiyo. Ukiweza kupiga kwa RAW badala ya JPEG, marekebisho hayo hayaharibu kitu, kwa kuwa RAW huhifadhi kile kihisio kilichopokea kabla simu haijaamua chochote.

Pindo la Nguo

Sawa, hilo la mwanga wa ubavuni nalipokea. Sasa mimi mchana niko kazini, picha napiga usiku. Sina dirisha.

Jicho la Lenzi

Basi taa mbili zinazofanana kabisa, za aina moja na zilizonunuliwa pamoja. Taa nyingine zote za chumba zizimwe. Angalia namba ya CRI kwenye boksi, ambayo huonyesha taa inavyozitoa rangi kwa uaminifu. Kipimo cha juu ni 100, na kwa nguo tafuta 95 au zaidi. Chini ya taa yenye CRI ndogo, kitambaa cha kijani na cha samawati vinaweza kufanana pichani hata uhariri vipi.

Ukiona mistari ya giza imepita kwenye picha, ni taa inayopepesa. Umeme wa majumbani hubadilika mara 50 au 60 kwa sekunde, na taa duni hupepesa mara mbili ya hapo. Punguza kasi ya kufunga lenzi iwe 1/50 au 1/60 ya sekunde kulingana na umeme wa kwako, mistari itaondoka. Kwa kasi hiyo usishike kwa mkono, weka kwenye stendi.

Jambo jingine: ukiisogeza taa mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye nguo haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo weka alama ya gundi sakafuni mahali taa zinapokaa. La sivyo gauni la leo na la wiki ijayo yataonekana kama yametoka maduka mawili.

Fundi Saa

Uzi mzuri huu. Naomba nichangie upande wa vitu vinavyong'aa, maana nauza saa na huko ndiko nimeteseka.

Kitu kinachong'aa hakina sura yake, kinavaa sura ya chumba. Ukipiga saa ya chuma utapata picha ya dirisha, mkono wako na simu yako. Dawa yake ni kukizungushia weupe: karatasi nyembamba inayopitisha mwanga pande zote na juu, taa zikiwa nje ya karatasi, na tundu dogo la lenzi. Ila ukishafanya hivyo chuma kinakuwa cheupe pe, kingo zinapotea. Hapo ndipo unaingiza vipande vyembamba vya karatasi nyeusi ndani, karibu kabisa na saa lakini nje ya picha. Chuma kitaakisi ule weusi na kujichora mstari kwenye ukingo. Sogeza kipande kidogo kidogo huku ukitazama kiooni. Mimi hutumia muda mrefu hapo kuliko sehemu nyingine yoyote, na sijutii.

Kwa chupa na bilauri, mwanga uwekwe nyuma. Ukiangaza kwa mbele utapata madoa ya mng'ao tu.

Vumbi! Usiseme nitalifuta kwenye kompyuta. Kitambaa laini, pulizo la mkono, glavu za pamba. Dakika moja ya kufuta kabla ya kupiga inaokoa nusu saa ya kufuta baadaye, na kwenye ngozi vilevile. Na mikono ya saa iweke saa nne na dakika kumi, hapo haizibi jina lililo juu ya uso wa saa.

Kwa vitu vidogo, ukisogea sana sehemu ya mbele inakuwa wazi na ya nyuma inafifia. Kwenye kamera funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukipita f/16 picha nzima inaanza kulegea. Isipotosha, piga picha kadhaa ukisogeza kitovu cha uwazi kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ziunganishe kwa programu. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise stendi.

Mshona Mikoba

Fundi, ubarikiwe. Buckle za mikoba yangu zina shida hiyohiyo ya kuakisi, kesho naanza na karatasi nyeusi.

Nina lingine. Nikipiga mkoba kwa karibu unatoka umetanuka tumboni, kama umevimba. Na mkoba ukiwa mtupu unalala.

Jicho la Lenzi

Kutanuka kunatokana na umbali. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, hivyo inakulazimisha usogee, na kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho nyuma yake. Rudi hatua mbili nyuma. Kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, itumie. Kama haina, piga kutoka mbali kisha ukate kingo. Usivute kwa vidole kwenye simu ya lenzi moja, maana hapo unakata kingo tu bila kujua. Simu ikae usawa wa katikati ya mkoba, isiinamie.

Mkoba ujaze karatasi laini mpaka usimame kama unavyosimama ukiwa na vitu vya mtu ndani, usizidishe ukawa puto. Mkanda uvute juu kwa uzi wa nailoni usioonekana, kisha uzi uufute kwenye kuhariri. Ufutaji huo ni halali, huondoi kitu cha bidhaa.

Kurasa

Natengeneza maduka ya mtandaoni, niongezee upande wa faili, maana nimeona picha nzuri zikiharibikia hapa.

Hifadhi picha ya mwisho katika sRGB. Huo ni mfumo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndio wavuti huuchukulia kuwa wa kawaida. Ukipandisha picha ya Adobe RGB, mfumo mwingine wenye rangi pana zaidi, kuna mahali itafifia, hasa pale maelezo ya mfumo yanapoondolewa na seva. Damu ya mzee ya watu imepotea sana kwa njia hii.

Vipimo: mraba wa pikseli 2000 kwa 2000 unatosha sehemu nyingi. Shopify, jukwaa la kufungulia maduka ya mtandaoni, inashauri 2048 kwa 2048. Amazon inataka picha kuu iwe na mandharinyuma meupe halisi, yaani 255, 255, 255, bidhaa ijaze asilimia 85 ya picha, bila maandishi wala nembo ya ziada juu yake. Soma masharti ya jukwaa lako kabla ya kupiga, kwa sababu bidhaa ikikatwa ukingo wakati wa kupiga huwezi kuirudisha.

Uzito: JPEG ya ubora wa 80 hivi, au WebP, aina nyingine ya faili ya picha ambayo Google waliitoa mwaka 2010 na mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na kwenye ukurasa wa bidhaa kitu hicho karibu kila mara ni picha yako. Usiihifadhi JPEG tena na tena, kila mara inapoteza kitu. Weka faili mama pembeni na uanzie hapo. Wenye iPhone: tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu nyingi hizo huhifadhi picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC badala ya JPEG, na baadhi ya maduka huikataa. Badilisha kwenye mipangilio ya kamera.

La mwisho, na hili nawasihi sana wote mnaopigia picha nyumbani. Faili ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hadi mlango wa nyumba. Majukwaa mengi huondoa taarifa hizo, si yote. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera, au ondoa taarifa hizo wakati wa kuhifadhi. Nimewahi kufungua picha ya bidhaa ya mteja wangu na kuona nyumba yake kwenye ramani. Nilimpigia simu usiku uleule.

Pindo la Nguo

Hili la mahali sikulijua kabisa. Nimezima sasa hivi.

Na hizi programu za akili mnemba zinazoweka mandhari mpya nyuma ya bidhaa?

Kurasa

Kukata mandharinyuma, hakuna neno, mradi ukague kingo. Kuunda mandhari mapya kunahitaji jicho kali. Programu haijui kipi ni bidhaa na kipi ni pambo, na wakati mwingine huichora bidhaa upya. Vuta picha, hesabu vifungo, linganisha mishono. Ikiwa imebadilisha hata kifungo kimoja, hiyo si nguo utakayoituma.

Na andika maelezo mbadala ya picha. "Mkoba wa ngozi, damu ya mzee, mkanda mrefu, buckle ya shaba" humsaidia asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake. Wenye macho nao wanafaidika, kwa kuwa vioo vya simu havifanani. Rangi ikishatajwa kwa maneno, mtu anajua anachokitarajia.

Mshona Mikoba

Wadau, narudi na mrejesho.

Nimepiga upya mikoba yote. Dirisha moja, pazia, kadibodi, kadi ya kijivu. Kila mkoba una picha saba: mbele, nyuma, ubavu, kitako, ndani ukiwa wazi, mshono kwa karibu, na mmoja umeshikwa mkononi ili ukubwa ujulikane. Ile ya ndani nilikuwa siiweki kamwe, na nilipopitia ujumbe wa wateja wa zamani nikakuta ndiyo waliyoiulizia kuliko zote. Kuna ngozi moja ina kovu la asili karibu na mfuniko. Zamani ningelifuta. Safari hii nimelipiga picha peke yake na kuliandika.

Damu ya mzee nimeitazama kwenye simu nne tofauti, mkoba wenyewe ukiwa pembeni. Kwenye tatu inalingana. Ya nne ilikuwa imewashwa hali ya usiku inayotia umanjano, tulipoizima nayo ikalingana. Yule mteja wa viatu nimemtumia picha mpya bila kumwomba anunue. Amejibu kwamba sasa anaelewa ni rangi gani, na kwamba haiendani na viatu vyake, ila ameuliza kama ninao mweusi.

Ninao, na ndio pekee ulionishinda. Mweusi tii juu ya karatasi nyeupe, unatoka kama tundu. Mishono haionekani.

Jicho la Lenzi

Weusi huonekana kwa kile unachoakisi. Usiumulike kwa nguvu zaidi, upe kitu cha kuakisi. Weka kadibodi mbili nyeupe, moja kila ubavu, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia pichani, ziinamie mkoba kidogo. Utaona mstari mwanana wa mwanga ukishuka kwenye kila ukingo, na mishono itajitokeza ndani ya mstari huo. Na kumbuka kamera itataka kuugeuza kijivu, angalia kile kialama cha jua.

Mshona Mikoba

Kadibodi ya pili sina, nakata boksi na kulibandika karatasi. Asubuhi dirisha likipata mwanga naupiga.